Uachiaji ukibadilika, mpangilio wa matundu hubadilika nao: pima mhimili wako upya kabla ya kutoboa mpira wa boling

#1 FundiMhimili (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Nauanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo linalojirudia mezani kwangu. Kazi yangu ni kutoboa mipira ya boling hapa Columbus, Ohio, na karibu kila juma huja mchezaji mwenye mpira mpya ndani ya boksi na mpira wa zamani mkononi, akaniambia, "Nitobolee huu kama ule." Nikimuuliza ule ulitobolewa lini, jibu huwa ni miaka minne au mitano iliyopita. Katika muda huo amepata kocha mpya, ameumwa kiwiko, ameshuka kutoka ratili 15 hadi 14, au ameacha kabisa kutumia kidole gumba. Mkono uliokuwa ukiuachia ule mpira wa zamani haupo tena, ingawa mwenye mkono ni yule yule.

Ninaposema "pini" hapa namaanisha ile nukta ya rangi kwenye ngozi ya mpira inayoonyesha kilipo kichwa cha kiini (uzito uliofichwa ndani ya mpira), wala si zile pini kumi zinazosubiri mwisho wa njia. Mpira ukiachiwa huzunguka juu ya mhimili, na mahali mhimili huo unapotokeza kwenye ngozi ya mpira, upande wa kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, ndipo mafundi wanapopaita PAP. Nukta hiyo hupimwa kutoka katikati ya mshiko: kwanza inchi ngapi kwenda kando, kisha inchi ngapi kupanda au kushuka. Mchezaji wa kawaida anaweza kuwa na inchi 5 kando na nusu inchi juu.

Mpangilio wowote unaochorwa kwenye mpira hupimwa kutoka kwenye nukta hiyo. Umbali wa pini hadi PAP ndio unaoamua, kwa sehemu kubwa, kiini kitayumba kiasi gani na pete za mafuta, yaani alama ambazo mafuta yaliyopakwa kwenye njia huziacha kwenye mpira unapozunguka, zitatawanyika kwa upana gani. Mduara wa mpira ni takriban inchi 27, kwa hiyo robo yake ni inchi 6 na robo tatu. Kwa kiini chenye ulinganifu, pini ikiwa katikati ya robo hiyo, yaani inchi 3 na tumuni tatu kutoka PAP, mtawanyiko hufikia kilele. Ikisogea kuelekea PAP yenyewe, au kuelekea inchi 6 na robo tatu, mtawanyiko hupungua hadi kukaribia kutoweka. Pembe nazo huitegemea PAP. Marehemu Mo Pinel, aliyefariki mwaka 2021, ndiye aliyewazoesha mafundi wengi kutumia pembe mbili: moja kati ya mstari wa pini na PAP na ule unaoelekea upande mzito wa kiini, na nyingine kati ya mstari wa pini na PAP na mstari wima unaopita kwenye PAP, ambao tunauita VAL.

Kwa maneno mengine, mpangilio ni uhusiano kati ya kiini na mkono wako. Matundu hayahami na pini haihami, lakini PAP ikihama, mpangilio wako umeshakuwa mwingine bila mtu yeyote kugusa mashine ya kutobolea. Mchezaji huona mpira wake aliouzoea umeanza kuchelewa kukunja, au umekosa nguvu mwisho wa njia, akadhani mpira umekufa. Mara nyingine ni kweli umekufa, kwa sababu ngozi imenywa mafuta mengi. Mara nyingine mpira ni mzima kabisa na kilichohama ni mhimili.

#2 BintiMvita

Asante sana, kaka, kwa uzi huu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Dubai, na nimecheza ligi kwa miaka saba. Kocha wangu amenifundisha kubaki nyuma ya mpira kwa muda mrefu zaidi badala ya kuuzungusha mkono mapema kando yake. Nimeona mabadiliko makubwa, lakini sijui kama haya ndiyo unayoyaita kuhama kwa PAP, au ni mgeuko tu wa mhimili. Naomba utufafanulie tofauti yake, kwa sababu maneno haya watu huyachanganya sana.

#3 FundiMhimili

Dada BintiMvita, umegusa mahali ambapo hata mafundi wenzangu hukosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Uachiaji una mambo manne yanayopimwa: kasi ya mpira, idadi ya mizunguko kwa dakika, mgeuko wa mhimili, na mwinamo wa mhimili. Kasi haiihamishi PAP. Mizunguko ikiongezeka peke yake haiihamishi PAP, ingawa hupanua pete za mafuta, kwa sababu kiini kinapata mizunguko mingi zaidi ya kuyumba kabla mpira haujafika kwenye pini kumi. Mgeuko ni mwelekeo wa mhimili ukilinganisha na njia: mpira unaozunguka kwenda mbele moja kwa moja una mgeuko wa digrii sifuri, na ule unaozunguka kuelekea pembeni kabisa una digrii 90. Huo nao, kwa nadharia, haubadilishi mahali mhimili unapotokeza kwenye ngozi. Wachezaji wawili wanaweza kuwa na PAP ile ile kabisa, mmoja akiwa na mgeuko wa digrii 20 na mwenzake digrii 70, na mipira yao ikaenda kwa namna mbili tofauti.

Mwinamo ndio unaoonekana wazi zaidi kwenye ngozi. Mhimili ukilala sambamba na sakafu, mpira hukanyaga njia kwa mduara wake mkubwa kabisa, na pete ya mafuta huwa inchi 6 na robo tatu kutoka PAP. Mhimili ukiinama, pete husogea karibu na PAP na kuwa ndogo. Kila inchi moja ya kusogea ni takriban digrii 13 na theluthi moja. Kwa hiyo ukipima kutoka PAP hadi pete ya kwanza ukapata inchi 5 na nusu, mwinamo wako ni kama digrii 17. Kipimo hiki hakihitaji kamera wala kompyuta; utepe wa kupimia unatosha.

Sasa kuhusu kocha wako. Kwa nadharia, kubaki nyuma ya mpira kunapunguza mgeuko. Kwa vitendo, mkono hauwezi kubadilisha jambo moja tu. Anayeacha kuuzungusha mkono kando ya mpira kwa kawaida hupunguza mwinamo pia, na vidole vyake vinatoka mahali pengine ukilinganisha na mhimili, kwa hiyo PAP yake huelekea kusogea mbali zaidi na mshiko. Ndiyo maana sikubali kukisia. Naomba upime, kisha utuletee namba hapa.

#4 Mkono_wa_Kushoto

Ndugu mwanzishaji, naheshimu kazi yako, lakini naona mafundi mnatia chumvi mambo ya mpangilio. Nimeona mpira mmoja, kiini kimoja, pini imewekwa juu ya vidole na pini imewekwa chini ya vidole, na tofauti yake ni ndogo kuliko tofauti ya kuusugua mpira kwa sponji ya kukwaruzia. PAP ikisogea nusu inchi, mchezaji wa kawaida ataona nini? Tuwekee namba tuzione.

#5 FundiMhimili

Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki na nusu yake naikubali bila ubishi. Utafiti wa mwendo wa mpira uliofanywa na USBC, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, uliweka ukwaru wa ngozi mbele ya mambo yanayohusu kiini. Mchezaji anayelalamika kwamba mpira wake hauingii kwenye mafuta vizuri, jambo la kwanza ninalomfanyia ni kubadilisha ngozi: kutoka sponji namba 4000 iliyo laini hadi 2000, au hadi 1000 iliyo kali zaidi, kisha aende akarushe. Huduma hiyo ina gharama ndogo na inaweza kurudishwa nyuma. Tundu halirudi nyuma mpaka lijazwe resini, lisubiriwe likauke, kisha litobolewe upya.

Hata hivyo, umeomba namba, na nimezipiga hesabu juu ya tufe kamili, si kwenye karatasi bapa, kwa sababu karatasi bapa hudanganya.

Chukua mpira ambao pini yake iko juu ya vidole: inchi 1 kando na inchi 3 juu ya katikati ya mshiko. PAP ya zamani ni inchi 5 kando na nusu inchi juu. Umbali wa pini hadi PAP ni takriban inchi 4.35, na pembe kwenye VAL ni digrii 46. Sasa mchezaji huyu amepata mwinamo zaidi, na PAP yake mpya ni inchi 4 na robo kando na sifuri juu. Umbali unakuwa inchi 4.2, yaani haujabadilika kwa kiasi cha kumshtua mtu. Lakini pembe ya VAL imeshuka hadi digrii 39.

Chukua mpira wa pili wenye pini chini ya vidole: inchi 1 na nusu kando na inchi 1 juu. Kwa PAP ya zamani umbali ni takriban inchi 3 na nusu, karibu kabisa na kilele cha mtawanyiko, na VAL ni digrii 78. Kwa PAP mpya umbali unakuwa inchi 2.9 na VAL digrii 68.

Tazama jambo hili kwa makini, kwani ndilo lililonifanya niuandike uzi huu. Kuhama kule kule kwa mhimili kumeugusa mpira mmoja kwenye pembe tu na mpira mwingine kwenye pembe na umbali pia. Ule wa pini ya juu bado unatawanya pete kwa kiasi kilekile, ila unageuka kwa haraka zaidi unapokutana na msuguano, kwa sababu VAL ndogo huupa mpira mkunjo wa haraka na VAL kubwa huupa mpindo wa taratibu. Ule wa pini ya chini umetoka kwenye kilele ukaelekea kwenye PAP. Mchezaji aliyezoea tofauti fulani kati ya mipira yake miwili ataona tofauti hiyo imehama, na hakuna sponji itakayomweleza kwa nini.

Kwa mchezaji mwenye mpira mmoja kwenye mkoba, nakubaliana nawe: asihangaike. Kwa mwenye mipira minne au mitano ambayo kila mmoja aliununua kwa kazi yake, hali ni tofauti kabisa.

#6 Mkono_wa_Kushoto

Nimekuelewa, na nashukuru kwa hesabu. Basi niseme kilichonileta. Kifundo cha kidole gumba changu kimechoka, daktari amenishauri nikipumzishe, na kwa miezi mitatu nimekuwa nikirusha kwa vidole viwili tu, mkono wa pili ukisaidia kuutegemeza mpira hadi mwisho. Mipira yangu yote ina tundu la gumba. Naitumia kama ilivyo. Je, PAP yangu ya zamani bado ina maana yoyote?

#7 FundiMhimili

Pole sana, ndugu yangu. Jibu fupi ni hapana, na nieleze kwa nini.

Kidole gumba ndicho kinachouambia mpira umekaa vipi mkononi. Kinatoka kwanza, vidole viwili vinabaki kuuzungusha. Ukikiondoa, vidole vinakaa ndani ya mpira muda mrefu zaidi na mizunguko hupanda sana. Ndiyo siri ya wachezaji kama Jason Belmonte wa Australia na Osku Palermaa wa Finland, waliouonyesha ulimwengu kwamba kurusha kwa mikono miwili bila gumba si mchezo wa watoto. Lakini bila gumba, kiganja nacho kinaweza kukaa kwenye mpira kwa pembe tofauti kila unapourusha, na PAP inayopimwa kutoka katikati ya mshiko inategemea mshiko uwe ni ule ule. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza juu ya mpangilio, hakikisha kiganja chako kina mahali pake pa kudumu.

Kuna na suala la kanuni. Tangu tarehe 1 Agosti 2020, katika mashindano yanayofuata kanuni za USBC, tundu lisilotumika kuushikia mpira haliruhusiwi. Tundu la gumba usilolitumia linahesabiwa kuwa tundu la mizani, yaani la kusawazisha uzito tu, na matundu hayo yalipigwa marufuku siku hiyo hiyo. Ukiwa unacheza kwa burudani hakuna atakayekuuliza, lakini kwenye ligi iliyosajiliwa itakubidi ulijaze. Kanuni hizo hizo ziliruhusu tofauti ya uzito wa upande hadi wakia 3 kwa mipira iliyozidi ratili 10, na jambo hilo liliwarahisishia sana kazi wachezaji wasiotumia gumba, kwa sababu zamani ilikuwa vigumu kupata mpangilio mzuri bila tundu la gumba au tundu la mizani la kusawazisha uzito.

Kwa mchezaji ambaye mizunguko yake imeizidi kasi yake, kama itakavyokuwa kwako, shida kubwa huwa ni mpira kuamka mapema na kumaliza nguvu kabla ya kufika. Katika njia ya futi 60, mpira uliomaliza nguvu zake mapema unafika umechoka na kuzipiga pini kumi kwa ulegevu. Ndipo tunapoongeza jumla ya zile pembe mbili za Mo Pinel, ili kiini kichelewe kutulia. Kwa mchezaji ambaye kasi imeizidi mizunguko tunafanya kinyume chake: tunaipunguza jumla hiyo ili mpira uanze kusoma njia mapema. Kwa miaka mingi ulikuwa mchezaji wa kundi la pili, na katika miezi mitatu umehamia la kwanza. Mipangilio yako ya zamani ilichorwa ili kukuongezea kile ambacho sasa unacho kingi.

Tena, usisahau kwamba kwa mkono wa kushoto vipimo vyote hugeuzwa kama kwenye kioo: PAP yako iko upande wa kushoto wa mshiko.

#8 BintiMvita

Kaka, nimejaribu kupima na pete za mafuta kwenye mpira wangu ni sita, zimetawanyika kama feni. Sijui ipi ndiyo ya kwanza. Nikipima kutoka pete moja napata PAP hii, nikipima kutoka nyingine napata ile.

#9 FundiMhimili

Hilo huwapata wengi, na suluhisho lake ni rahisi. Usipime kwa mpira wenye kiini kikali. Pima kwa mpira wa plastiki, ule wa kumalizia pini zilizobaki, mradi umetobolewa kwa mshiko wako kamili na uzito wake haukupishana na mipira yako mingine. Kiini chake ni dhaifu, hivyo pete zake hukaa karibu karibu kiasi cha kuonekana kama moja. Urushe kwa uachiaji wako wa kawaida, si ule wa kulenga pini ya pembeni. Zungushia pete hiyo kwa kalamu ya nta, kisha tafuta nukta iliyo na umbali sawa kutoka kila upande wa pete. Mafundi wana kifaa kilichopinda kama gamba la mpira kinachofanya kazi hiyo kwa dakika moja.

Baada ya hapo bandika kipande kidogo cha utepe mweupe kwenye nukta uliyoipata, urushe tena, na mwenzako akurekodi kwa simu akiwa upande wa mkono wako. Utepe ukizunguka mahali pake bila kuchora duara mara tu mpira unapotoka mkononi, umeipata. Ukichora duara, sogeza na urudie.

Fanya hivyo kwa mirusho isiyopungua mitano. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya nusu inchi, maana yake uachiaji mpya bado haujakaa, na mimi binafsi hukataa kuutoboa mpira mpya katika hali hiyo. Nimewahi kupoteza mteja kwa kukataa huko, na bado naona nilifanya sawa.

Nyongeza moja, na hii naiona kubwa kuliko yote niliyoyasema: kagua kwanza mshiko. Upana kati ya gumba na vidole ukiwa mrefu kupita kiasi, mkono huubana mpira, gumba huchelewa kutoka, na uachiaji wote huharibika. Mwelekeo wa tundu la gumba nao ni hivyo hivyo: likielekea chini ya kiganja hushikilia, likielekea nje huachia mapema. Mimi mwenyewe, nilipofika umri wa viungo kuuma, niliamini nimepoteza mizunguko kwa sababu ya uzee, nikabadilisha mipangilio ya mipira miwili. Mwenzangu wa kazi aliponipima mkono aligundua kwamba vidole vyangu vimekakamaa na upana wa mshiko ulipaswa kupungua kwa tumuni ya inchi. Tulipoupunguza, sehemu kubwa ya mizunguko ilirudi, PAP ikahama tena, na ile mipira miwili niliyoitoboa kwa haraka ikawa haiufai mkono wangu wa zamani wala wa sasa.

#10 BintiMvita

Nimefuata maelekezo yako. Kwa mirusho mitano PAP imekuja kati ya inchi 5 na tumuni tano na inchi 5 na tumuni saba kando, na kati ya inchi 1 na inchi 1 na robo juu. Karatasi yangu ya zamani inasema inchi 5 kando na nusu inchi juu. Nina mpira mpya wa kiini chenye ulinganifu, bado uko ndani ya boksi, na fundi wa hapa alikuwa ameshauchora kwa namba za zamani.

#11 FundiMhimili

Dada, tofauti kati ya mirusho yako ni robo inchi. Uachiaji wako umekaa, hongera kwako na kwa kocha wako.

Mwambie fundi afute michoro aanze upya, akitumia inchi 5 na robo tatu kando na inchi 1 na tumuni moja juu. Asinakili mahali pini ilipokuwa kwenye mpira wako wa zamani. Anakili namba ya umbali na namba ya pembe, kisha aache pini iangukie popote itakapoangukia. Ikiwa mpira wako unaoupenda kuliko yote uko inchi 4 na nusu kutoka PAP ya zamani, achore inchi 4 na nusu kutoka hii mpya. Utashangaa kuona pini imekaa mahali usipopazoea, na pengine fundi naye atakuuliza kama una hakika. Mwonyeshe utepe mweupe kwenye video.

Mipira yako ya zamani usiijaze resini kwanza. Ipime kila mmoja kutoka PAP mpya, uandike umbali na pembe zake kwenye karatasi, kwa sababu inawezekana mmoja wao umegeuka kuwa mpira uliokuwa ukiutaka kuununua.

#12 Mkono_wa_Kushoto

Mimi nimepima mara tano na namba zangu zinapishana kwa inchi moja na robo.

#13 FundiMhimili

Basi usitoboe chochote, ndugu yangu. Jaza tundu la gumba la mpira wako mmoja tu, ule ulio mkongwe kuliko yote, weka alama inayoonyesha kiganja kinakaa wapi, na urushe huo pekee kwa wiki sita. Siku ukiwa tayari, njoo na namba mpya hapa hapa kwenye uzi huu, tutazipiga hesabu pamoja.